Ukuta Ulitangulia Kisu

Hotuba kwa mkutano wa wazazi na walimu wa watoto wenye ulemavu, Tanga. Tunaiweka nzima kwa ajili ya waliokosa kufika.

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi, wazee wetu shikamooni. Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru kwa namna ya pekee wale mliokuja na viti vya magurudumu, ambao mmepandishwa ngazi za ukumbi huu kwa kubebwa mabegani. Mwenyekiti, ukumbi hauna njia ya mteremko. Nalisema mbele ya watu ili mwakani lisisahaulike tena.

Nimeombwa nizungumze juu ya yujeniki. Jina ni geni, lakini fikra yenyewe si ngeni. Ni ile imani kwamba binadamu waweza kuchaguliwa kwa ajili ya uzazi jinsi mfugaji anavyochagua dume: walio "bora" wahimizwe kuzaa, walio "dhaifu" wazuiwe. Jina alilitunga Mwingereza Francis Galton, binamu yake Charles Darwin, mwaka 1883. Alikuwa msomi mwenye heshima zake. Shikeni hilo tangu sasa, maana wengi nitakaowataja leo ni watu wa heshima: majaji, madaktari, wachungaji, maprofesa. Mngekutana nao barabarani mngewaamkia.

Nina jambo moja tu la kuwaambia. Kabla watu wenye ulemavu hawajakatwa mirija ya uzazi, walifungiwa. Kabla hawajauawa, walifungiwa. Kabla hawajafanyiwa majaribio, walifungiwa. Ukuta ulitangulia kisu. Mtu anayejulikana mtaani, ambaye muuza genge anamwita kwa jina na shangazi yake anamsuka kila Jumapili, si rahisi kumtendea haya mchana kweupe. Lakini mtu huyo mpeleke mbali, mgeuze faili, halafu uone.

Naanza Marekani, jimbo la Virginia. Palikuwa na binti akiitwa Carrie Buck, aliyezaliwa mwaka 1906. Mama yake, Emma, alikuwa maskini, na Carrie akachukuliwa akiwa mdogo kulelewa na familia nyingine. Alisoma mpaka darasa la sita, na mwalimu wake aliandika kwamba tabia na masomo yake ni mazuri sana. Kisha walezi wakamtoa shule afanye kazi za ndani. Alipofika miaka 17 akabakwa na mpwa wa mama mlezi, akapata mimba.

Sasa nawauliza, wazazi: nani alipaswa kufungwa hapo?

Aliyefungwa ni Carrie. Walezi wakaenda kwa hakimu wakasema binti huyu ni punguani na tabia yake imeharibika. Alipojifungua tu, mwezi Machi 1924, mtoto akabaki na walezi, na Carrie akapelekwa kwenye kituo cha serikali cha watu wenye kifafa na "akili dhaifu", karibu na mji wa Lynchburg. Humo alimkuta mama yake, Emma, ambaye alishafungiwa tangu 1920.

Mwaka huohuo Virginia ilipitisha sheria ya kuwafunga watu kizazi bila ridhaa yao. Sikilizeni sheria yenyewe ilivyokuwa: haikumhusu kila mtu. Iliwahusu waliokuwa ndani ya vituo vya serikali. Mwenye kasoro ileile akiwa kwao hakuguswa. Aliyeko ndani ya ukuta ndiye aliyelengwa.

Wakubwa wa kituo walitaka kesi ya kuijaribu sheria hiyo ili isije ikapingwa baadaye, na wakamchagua Carrie. Wakili aliyepewa kumtetea alikuwa zamani mjumbe wa bodi ya kituo hichohicho, na rafiki wa waliomshtaki. Hakuita hata shahidi mmoja. Mtaalamu mkubwa wa yujeniki, Harry Laughlin, alitoa ushahidi kwa maandishi bila kumwona Carrie hata siku moja. Na mtoto, Vivian, ambaye hakuwa amefikisha hata mwaka? Mfanyakazi wa ustawi wa jamii alimtazama, akaiambia mahakama kwamba mtoto ana sura fulani isiyo ya kawaida. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa vipimo. Bibi, mama na mjukuu, wote watatu wakaandikwa kwamba hawana akili.

Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 2 Mei 1927 majaji 8 kwa 1 waliamua kwamba akatwe. Jaji Oliver Wendell Holmes, mmoja wa majaji wanaosifiwa mno nchini mwao, aliandika kwamba kanuni inayoruhusu chanjo ya lazima inatosha kuruhusu kukata mirija ya uzazi. Akamalizia: vizazi vitatu vya mapunguani vinatosha. Oktoba mwaka huo Carrie akafungwa kizazi.

Vivian alikwenda shule, na jina lake likawekwa kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Alifariki mwaka 1932 kwa maradhi ya tumbo, akiwa na miaka 8. Ndiye yule mwenye sura isiyo ya kawaida.

Mdogo wake Carrie, Doris, naye alikatwa mwaka 1928. Yeye hakuambiwa. Alidanganywa kwamba anatolewa kidole tumbo. Akaolewa, akatafuta mtoto miaka na miaka, akahangaika na waganga wa hospitali, na alikuja kuujua ukweli zaidi ya miaka 50 baadaye. Shikeni hicho kidole tumbo, tutakutana nacho tena.

Watu zaidi ya 60,000 walifungwa kizazi kwa sheria za namna hii Marekani, kuanzia jimbo la Indiana mwaka 1907. California peke yake walikuwa kama 20,000. Na wananchi wa kawaida walikuwa wapi? Walikuwa kwenye maonyesho ya kilimo, kama yetu ya Nane Nane. Huko Kansas, mwaka 1920, walianzisha mashindano ya "familia zilizo bora". Ng'ombe wanapimwa upande huu, familia zinapimwa upande ule: meno, kichwa, ukoo. Washindi walivalishwa medali yenye maneno ya Zaburi: "Naam, nimepata urithi mzuri." Zaburi, ndugu zangu. Maandiko hayakuwazuia. Yaliwapamba.

Tuvuke bahari, twende Ujerumani.

Tarehe 14 Julai 1933, Hitler akiwa na miezi michache tu madarakani, serikali yake ilipitisha sheria ya kuzuia watoto wenye magonjwa ya kurithi. Haikutungwa kutoka hewani. Ilifanana sana na rasimu aliyoiandika Harry Laughlin, yuleyule wa kesi ya Carrie, na mwaka 1936 Chuo Kikuu cha Heidelberg kilimtunuku shahada ya heshima. Watu kama 400,000 walifungwa kizazi: vipofu, viziwi, wenye kifafa, wenye ulemavu wa akili, na wengine ambao kosa lao lilikuwa ulevi.

Walimu wa hisabati mko wapi? Inueni mikono. Ahsanteni. Wanafunzi wa Ujerumani wa wakati ule walipewa swali hili kwenye kitabu: kujenga hospitali ya vichaa kunagharimu marki milioni 6, nyumba moja ya familia ni marki 15,000, je, zingejengwa nyumba ngapi kwa fedha hizo? Jibu ni 400, na mtoto anapata alama yake. Hakuna mahali palipoandikwa "waueni". Mtoto anagawanya tu, anapigiwa vema, anakwenda kucheza. Ila ameshajifunza kwamba yule aliyeko ndani ya ukuta anakula nyumba ya watu.

Vita vilipoanza mwaka 1939, wizara ilituma fomu kwenye hospitali na makao yote ya wagonjwa wa akili na wenye ulemavu. Fomu fupi: jina, ugonjwa, ana muda gani hapo, nani humtembelea, anaweza kazi gani. Fomu zikapelekwa Berlin, Mtaa wa Tiergarten namba 4, na kutokana na anwani hiyo mpango ukaitwa T4. Madaktari watatu walipitia kila fomu, kila mmoja mahali pake. Chini upande wa kushoto palikuwa na kisanduku. Alama ya kujumlisha kwa kalamu nyekundu: afe. Alama ya kutoa kwa kalamu ya bluu: aishi. Mgonjwa hakuonwa. Hakuulizwa lolote.

Tena kuna jambo huwa linanikosesha usingizi. Baadhi ya wakuu wa makao walidhani fomu ni za kutafuta vibarua wa vita. Hawakutaka kupoteza watu wao hodari wa jikoni na shambani. Basi wakaandika kwamba hawawezi kazi yoyote. Walidhani wanawalinda. Kwa mkono wao wenyewe waliwaandikia alama nyekundu.

Mabasi ya kijivu yakaja. Yaliwachukua hadi vituo sita: Grafeneck, Brandenburg, Hartheim, Sonnenstein, Bernburg na Hadamar. Waliingizwa kwenye chumba kilichofanana na bafu, gesi ikafunguliwa. Familia zilipata barua ya rambirambi na sababu ya kifo iliyotungwa. Kuna waliojulishwa kwamba ndugu yao amekufa kwa kidole tumbo, ilhali kidole tumbo chake kilishatolewa miaka mingi nyuma. Kuna waliopokea vyungu viwili vya majivu badala ya kimoja. Uongo wa ofisini una tabia hiyo, huchoka ukaanza kujikanyaga.

Mpaka Agosti 1941 walikuwa wameua watu 70,273. Tunaijua idadi kamili kwa sababu wao wenyewe waliihesabu, kisha wakapiga na hesabu ya chakula kitakachookolewa kwa miaka 10 ijayo, viazi na jamu ikiwemo. Lile swali la hisabati limefika mwisho wake.

Je, hakuna aliyesema? Walikuwepo. Tarehe 3 Agosti 1941 Askofu von Galen wa Münster alisimama kwenye mimbari, akaita mauaji haya kwa jina lake, akawauliza waumini: nanyi mkizeeka, mkawa hamzalishi tena, mtabaki salama? Wiki chache baadaye gesi ikasimamishwa kwenye vituo vile. Lakini ukuta haukubomolewa, na kwa kuwa ukuta ulibaki, mauaji yaliendelea kimyakimya kwa njaa na kwa dawa za usingizi. Kwenye hospitali ya Kaufbeuren mtoto wa miaka 4 aliuawa tarehe 29 Mei 1945. Vita vilikuwa vimekwisha wiki tatu zilizopita na askari wa Marekani walikuwa tayari mjini. Nesi aliendelea na kazi yake.

Na wale mafundi wa gesi? Walihamishiwa Poland, kwenye kambi za Belzec, Sobibor na Treblinka, kuwaua Wayahudi. Ufundi waliujifunza kwa watu wenye ulemavu.

Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa pana sisi.

Wengi wenu mnaijua Lutindi, kule juu Usambara, wilaya ya Korogwe. Wamisionari Wajerumani walianza pale mwaka 1896 na makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, miongoni mwa pa kwanza kabisa Afrika Mashariki, na hospitali ipo mpaka leo chini ya KKKT Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Misheni iliyohusika ni ya Bethel, ileile iliyotuletea mtambo wa uchapaji wa Vuga. Na Bethel yenyewe ni nini? Ni mji mzima wa watu wenye kifafa na ulemavu, kando ya Bielefeld, Ujerumani. Waliowaleta wamisionari Usambara ndio haohao waliowatunza wenye kifafa kwao.

Sasa, sheria ya 1933 ilipokuja, Bethel ilifanya nini? Ilitii. Hospitali zake zilifunga kizazi watu zaidi ya elfu moja. Mkuu wake, Mchungaji Fritz von Bodelschwingh, aliona ni sheria halali na ni mzigo unaobebeka. Zilipofika fomu za T4 mwaka 1940, mchungaji huyohuyo akakataa kuzijaza. Mwenzake, Mchungaji Paul Gerhard Braune, aliandika waraka wa kueleza mauaji yanavyofanyika, akaupeleka serikalini, na Agosti mwaka huo akakamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Hitler. Mwaka uliofuata tume ya madaktari ikatoka Berlin kuja Bethel kujaza fomu yenyewe. Bodelschwingh alibishana, akaandika barua, akazungusha, akapoteza muda wao makusudi, na wagonjwa wake wengi wakanusurika.

Tumwiteje mtu huyu? Kuna wanaomwita shujaa, na kuna wanaosema alikuwa mshirika. Mimi naona alikuwa yote mawili, na naona pia kwamba alichelewa. Alidhani mstari uko kwenye kifo. Mstari ulishavukwa siku ile daktari wake wa kwanza alipomlaza kitandani mtu asiyekubali.

Na msidhani yaliishia Ulaya. Nairobi, mwaka 1933, walowezi na madaktari wa Kiingereza waliunda chama cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari". Mbele kabisa alikuwa Dokta H. L. Gordon, aliyesimamia hospitali ya Mathari, ile iliyoanza mwaka 1910 kwenye majengo ya kutengea wagonjwa wa ndui. Gordon alipima vichwa vya Waafrika. Mwenzake wa maabara, Dokta F. W. Vint, alipima bongo za Waafrika waliofariki, akatangaza kwamba ubongo wa Mwafrika mtu mzima umeishia hatua ya mvulana wa Kizungu wa miaka 7 au 8. Gordon akaonya kwamba shule za Kizungu huenda zikamtia Mwafrika wazimu.

Mnacheka. Chekeni, mnayo haki. Lakini jiulizeni nani alifaidika na jibu hilo. Kama Mwafrika hawezi kufundishika, ya nini kumjengea shule? Na ardhi apewe nani? Waliomba serikali ya London iwape fedha za utafiti mkubwa zaidi, wakanyimwa, na chama kikafifia. Fikra haikufifia. Aliyekuja Mathari baadaye, J. C. Carothers, aliandika mwaka 1953, kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani, kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maelezo yake kuhusu Mau Mau. Watu wanadai ardhi yao, daktari anaandika ugonjwa.

Kuna anayesema: hayo ni ya zamani, ni ya Wanazi na wakoloni. Ndugu yangu, Sweden, nchi tunayoisifia kwa haki, ilifunga watu kizazi chini ya sheria za namna hii tangu 1934 hadi miaka ya 1970, na idadi yao ni kama 63,000. Japani sheria yao ilidumu kuanzia 1948 hadi 1996, na ni Julai 2024 tu mahakama yao kuu ilipotamka kwamba ilivunja katiba. Kanada, jimbo la Alberta, Leilani Muir alipelekwa kituoni na mama yake akiwa mtoto, akafungwa kizazi mwaka 1959. Aliambiwa nini? Kidole tumbo. Kidole tumbo tena. Alipopimwa ukubwani akaonekana ana akili kama ya yeyote kati yetu. Aliishtaki serikali, na mwaka 1996 akashinda.

Na New York, walimu wenzangu, palikuwa na mahali panaitwa Willowbrook. Paliitwa shule. Palijengwa kwa watu 4,000, wakajazwa zaidi ya 6,000. Watoto walikaa uchi sakafuni, na wengine waliambukizwa homa ya ini makusudi ili madaktari wachunguze. Wazazi walitia saini, maana waliambiwa nafasi imebaki kwenye wodi ya utafiti tu. Kamera za televisheni ziliingia mwaka 1972 kwa ufunguo wa daktari aliyekuwa amefukuzwa kazi. Mmoja wa waliohojiwa, Bernard Carabello, alikuwa na mtindio wa ubongo. Aliingizwa humo akiwa na miaka 3 kwa kudhaniwa hana akili, akakaa miaka 18. Alitoka, akaishi maisha yake akiwatetea wenzake. Pale pahali palifungwa mwaka 1987.

Sisemi bweni ni baya. Nimefundisha bwenini, na najua mama anayetoka Handeni kwa basi na mtoto asiyeweza kukaa hana chaguo kubwa. Ninachosema ni kwamba pale fomu ya T4 iliuliza swali ambalo hata sisi tunapaswa kuliuliza, ila kwa nia nyingine kabisa: nani humtembelea? Kule Berlin, asiye na mgeni alikuwa rahisi kuondolewa. Kwetu, mwalimu mkuu anawajua kwa majina watoto ambao likizo ikifika hakuna anayekuja. Na kuna wale wasiofika hata bwenini, walioko chumba cha uani, mlango ukifungwa wageni wakija. Mnawajua. Baadhi mmepita mlangoni kwao mkija hapa asubuhi.

Kabla hatujaanza, mama mmoja alinivuta pembeni akaniuliza swali, akaniruhusu nilijibu mbele ya wote. Ana binti mwenye ulemavu wa akili, amevunja ungo. Jirani amemshauri ampeleke akafungwe kizazi, "kwa usalama wake".

Mama, sikulaumu kwa kuuliza. Anayekulaumu hajalala macho kama wewe. Lakini nakujibu hivi. Kufungwa kizazi hakumzuii mbakaji, kunamwondolea ushahidi. Aliyembaka Carrie Buck hakuguswa, aliyekatwa ni Carrie. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 23 inasema wazi kwamba watu wenye ulemavu, na watoto wakiwemo, wana haki ya kubaki na uwezo wao wa kuzaa kama watu wengine. Tuna na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Daktari akikuletea karatasi ya kutia saini, muulize upasuaji ni wa nini, muulize kama binti ameelezwa kwa lugha anayoielewa, na usitie saini siku hiyohiyo. Binti mfundishe majina ya viungo vyake na neno "sitaki". Mwalimu wake atakusaidia, wengi wanaweza zaidi ya tunavyodhani. Na ukiona dalili yoyote, nenda dawati la jinsia na watoto polisi kabla hujakwenda kwa mjumbe kusuluhishwa, maana mtuhumiwa mara nyingi ni ndugu, na ndugu wana haraka ya kusuluhisha.

Wasichana wenyewe wako hapa leo, wamekaa safu ya tatu. Mwenyekiti, naomba waulize wao kwanza.